Riwaya Tuliyoipanga kwa Kokwa za Chikichi

Nilianza kuandika hadithi za mapenzi mwaka ule wa uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu mpya wa darasa la pili katika shule moja ya mtaa wa Tshopo, mjini Kisangani. Wengine wanaukumbuka mwaka ule kwa hotuba na bendera. Mimi nakumbuka daftari la jalada la buluu lililobaki baada ya wanafunzi kugawiwa, nikaenda nalo nyumbani na kuandika juu yake neno moja: Mapenzi. Sikujua ni mapenzi ya nani. Niliamini mwandishi hapaswi kujua, kwamba akijua mapema utamu unaisha.

Mwanzo ulikuwa haunisumbui. Msichana anakwenda kivukoni na kapu la chikwange, mikate ya muhogo, kijana anamsaidia kulitua, wanatazamana. Kurasa ishirini za kwanza ziliandikika zenyewe. Baada ya hapo nilikuwa sina habari wafanye nini. Nikikwama nilimleta binamu kutoka Bengamisa. Binamu akishindwa kunisaidia nilimleta pacha wake. Hadithi yangu moja ilikuwa na mazishi manne, na msichana alikuwa bado hajamwambia kijana jina lake. Nikichoka nafunga daftari na kuanza lingine.

Aliyezisoma zote ni mwalimu mwenzangu wa darasa la nne, kijana kutoka Maniema, mwenye miwani na maneno machache. Siku moja, tukiwa tunasahihisha kazi za wanafunzi, alinirudishia daftari la tisa.

“Mademoiselle,” akasema, “nimehesabu. Uko na mwanzo tisa.”

“Na mwisho?”

“Mwisho sijaona. Wanafunzi wetu tunawafundisha kufanya plan kabla ya kuandika. Kwa nini wewe haufanye?”

“Mapenzi si dictée, si imla ya darasani,” nikamjibu, na kweli niliona nimemjibu vizuri. Yeye akatabasamu, akarudi kwenye kalamu yake nyekundu.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama alifariki nikiwa mdogo. Papa alikuwa karani wa serikali, na nyumba aliiendesha dada yake mkubwa, shangazi yangu, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa amepita miaka hamsini. Alilelewa katika zile familia za Waislamu wa zamani wa mji wetu, watu wa biashara, wenye kuvaa vizuri na kusema polepole. Hakujua kusoma. Hadithi zangu alizijua kwa sauti tu, maana nilikuwa nikimsomea akitwanga pondu, majani ya muhogo, na mara nyingi aliinuka katikati na kwenda kuangalia kitu kwa jirani.

Miaka michache baada ya uhuru, uasi ukaingia Kisangani. Papa hakuwapo. Wiki mbili kabla yake alikuwa ametumwa Opala kwa kazi ya ofisi, na njia zikafungwa nyuma yake. Shule ilifunga milango. Mwenzangu wa miwani alinijia uani kuniaga, akasema anajaribu kurudi kwao kwa miguu. Aliondoka na mfuko mmoja.

Siku za kwanza watu walishangilia. Kisha vijana wa uasi wenye silaha wakaanza kutafuta nyumba kwa nyumba watu waliokuwa wakifanya kazi na serikali, na kila karatasi yenye muhuri ilikuwa ushahidi. Karani aliyekaa nyumba ya mbele yetu walimchukua asubuhi, na kandambili zake zikabaki mlangoni. Mke wake hakuziondoa. Shangazi alizitazama kutoka dirishani kwetu, kisha akanigeukia.

“Karatasi zote za papa yako. Na zako. Leta zote jikoni.”

“Zangu ni hadithi tu, shangazi.”

“Nani ataketi azisome ajue ni hadithi?”

Akabandika sufuria ya pondu ili moshi uonekane wa chakula. Nilianza na barua za ofisi za Papa, nikafuatisha madaftari yangu, moja baada ya jingine, chini ya sufuria. Nilidhani nitalia. Nilipofika kwenye lile la mazishi manne niliona badala yake aibu, kama mtu anayefagia mahali alipopaacha muda mrefu bila kufagia.

Nilipomaliza, shangazi alifungua fundo la kitenge chake na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, laini kama kitambaa, ya manjano kwenye mikunjo.

“Hii pia,” akasema. Lakini hakunipa niitupe. “Kwanza nisomee.”

“Ni ya nani?”

“Yangu. Ilitoka Opala. Nilikuwa mudogo kuliko wewe.”

Akanieleza kwa maneno machache, macho yake yakiwa kwenye moto. Kulikuwa na fundi wa mbao, Mkatoliki, aliyekuja kumposa, na babu yangu akamkataa. Kijana akaenda kufanya kazi Opala. Baadaye baharia wa meli za mto Lomami alimkabidhi shangazi barua ile sokoni, kati ya mafungu ya samaki, akaenda zake. Aliificha. Papa alikuwa mwanafunzi wakati ule na angeweza kumsomea, lakini angemwambia baba yao. Kumwendea padri hakuthubutu. Halafu akaolewa na mfanyabiashara, halafu akafiwa, na kila mwaka ilizidi kuwa vigumu kumwambia mtu kwamba ana barua asiyoijua.

“Nilijua ni ya kuniaga,” akasema. “Barua ya kuaga, haraka ya nini? Soma.”

Nikaifungua. Maandishi yalikuwa makubwa, ya mtu aliyejifunza ukubwani. Aliandika kwamba amepata kazi, amejenga nyumba ya vyumba viwili, mlango ameuchonga yeye mwenyewe. Aliandika kwamba atasimama bandarini kila meli itakapofika, mpaka mwisho wa mvua. Kama hatamwona akishuka, atajua kwamba amelikubali neno la baba yake, na hatamsumbua tena.

Nilisoma yote kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Miaka yote ile nilikuwa nimetunga uongo wa kila aina, na pale, kwa mara ya kwanza, ulikuwa na kazi. Ningeweza kusema: anakuaga, anakutakia heri. Lakini shangazi alikuwa ananitazama usoni, akingoja, na nikaona sina haki hiyo. Nikamsomea kama ilivyoandikwa.

Sufuria ilichemka ikamwagika kidogo, shangazi akafunua kifuniko kwa mkono mtupu.

“Rudia,” akasema.

Nikarudia. Akaichukua barua, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akaisukuma ndani ya makaa.

“Koroga pondu,” akaniambia. “Itaungua.”

Hatukuizungumzia tena kwa siku nyingi. Tulikaa ndani, madirisha tumeyafunga nusu, tukisikiliza magari. Shangazi alipata chikichi kwa jirani, akawa anagonga kokwa zake kwa jiwe ili atoe mafuta. Siku moja, akiwa anagonga, aliniuliza bila kuinua kichwa:

“Zile hadithi zilizoungua. Iliisha ngapi?”

“Hakuna.”

“Hata moja?”

“Hata moja, shangazi.”

Aliacha kugonga. “Miaka yote hii?” Akanitazama kwa huruma ya kweli. “Alors, tutengeneze moja yenye kuisha.”

“Hatuna karatasi. Na tukiwa nayo, hatuwezi kuandika.”

“Basi tusiandike. Tupange.”

Akachukua kokwa moja akaiweka kwenye mkeka. “Huyu hapa musichana. Sasa uniambie. Anataka nini?”

“Anampenda kijana.”

“Sikuuliza anapenda nani. Nimeuliza anataka nini. Kabla hajamuona huyo kijana, akiamuka asubuhi, anataka nini?”

Katika madaftari tisa hakuna msichana wangu hata mmoja aliyekuwa ametaka kitu kabla ya ukurasa wa kapu. Swali lile lilituchukua siku mbili. Mwishoni tukakubaliana kwamba anataka kushuka mahali ambapo hakuna anayemwita binti wa fulani. Halafu tukamgeukia kijana. Shangazi akasema ni fundi wa mbao, na mimi sikuuliza kwa nini. Akasema ametengenezea mji mzima viti, lakini nyumbani kwake anakaa kwenye sanduku, kwa sababu hataki kukaa vizuri peke yake. Kwa hiyo anachotaka yeye ni nyumba iliyotulia, pale pale alipozaliwa.

“Unaona?” akasema. “Wanapendana, na mumoja anataka kwenda, mwingine anataka kukaa. Hapo sasa kuko kazi.”

Niliona. Niliketi pale kwenye mkeka nikaona kwa nini nilihitaji mazishi manne. Watu wangu hawakutaka kitu, kwa hiyo ilinibidi niwaue ndipo jambo litokee.

Tukawa tunaweka kokwa moja kwa kila tukio, mstari mmoja kutoka mlangoni kuelekea ukutani. Kila nilipoweka mpya shangazi aliuliza, “Kwa sababu gani?” Nikimjibu “basi tu,” aliiondoa na kuirudisha kwenye ungo. Binamu wa Bengamisa alirudi kwenye ungo. Pacha naye akarudi. Mimi nilikuwa nimezoea kuunganisha mambo kwa neno “halafu”. Yeye alitaka “kwa hiyo”. Na kwa kuwa hatukuwa na mahali pa kuandika, kila asubuhi nilisimulia mstari mzima tangu mwanzo, nikigusa kokwa moja moja. Pale nilipojikwaa, au nilipomwona shangazi anatazama dirishani, tulijua kuna kokwa haifai.

Walitufikia pia. Ilikuwa saa nne za asubuhi, vijana watatu, mmoja mwenye bunduki na ngozi ya mnyama aliyoifunga kichwani. Waligeuza magodoro, wakafungua sanduku la Papa, wakakuta nguo. Kisha yule wa bunduki akauona mkeka.

“Hii nini? Dawa?”

Shangazi alikuwa ameketi, na hakuinuka.

“Ni arusi,” akasema.

“Arusi gani?”

“Ya binti. Niko napanga mambo yake. Mimi sijui kuandika, baba.”

Yule kijana akachuchumaa, bunduki magotini, akatazama mstari. Alikuwa na jasho, na kidevuni mwake ndevu zilikuwa chache. Pembeni ya mstari kulikuwa na kokwa moja tuliyoibishania tangu jana, kukataa kwa baba, hatujajua tuiweke wapi.

“Na hii iliyokaa pembeni?”

“Huyo ni baba yake. Bado hajakubali.”

“Bwana arusi anafanya kazi gani?”

“Fundi wa mbao.”

“Kazi nzuri,” akasema. Akaitazama tena ile kokwa. “Muweke karibu. Akikaa mbali namna hiyo hatakubali hata siku moja.” Akaisogeza kwa kidole mpaka kwenye mstari, katikati, akainuka, wakatoka. Tulisikia wakigonga kwa jirani.

Shangazi hakugonga kokwa hata moja mpaka mchana. Aliposhika jiwe tena, alitazama pale ile kokwa ilipowekwa.

“Ana haki,” akasema. “Tulimuweka baba mwishoni kama ukuta. Lazima aingie mapema, akae nao.” Na hatukuiondoa.

Tulipofikia mahali ambapo fundi anaondoka na kutuma barua, nilijaribu kumwepusha. Nikasema mtumbwi upinduke, barua ipotee mtoni.

“Hapana,” akasema shangazi. “Barua imefika. Iko mukononi yake. Hajui kusoma. Atafanya nini?”

Aliishika kokwa ya barua ndani ya kiganja siku nzima, akapika nayo, akala nayo. Tulipokwisha kunawa mikono akasema:

“Atauliza mutu.”

“Nani?”

“Mutu yeyote. Mutoto wa shule. Mama wa samaki. Adui yake. Lakini atauliza.”

“Kwa sababu gani?” nikamuuliza, na hapo tu nikatambua kwamba nimelichukua swali lake.

“Kwa sababu anaogopa kuzeeka na ile karatasi.” Akaiweka chini, akaibonyeza kwa kidole kana kwamba inaweza kuondoka. Nilisogea nikaketi karibu yake, bega kwa bega, na tukakaa hivyo bila kazi.

Mstari ulifika ukutani siku chache kabla ya askari wa serikali kurudi mjini. Siku ndege zilipopita karibu kabisa na paa tulilala kifudifudi kwenye sakafu, kokwa zikatawanyika kila upande, na milio ilipopungua shangazi aliniambia nimsimulie. Nikamsimulia yote, mdomo ukiwa karibu na saruji, kutoka asubuhi ya yule msichana mpaka anaposhuka kwenye meli. Sikuruka hata moja.

Papa alirudi baada ya mwezi, kwa mtumbwi na kwa miguu, mwembamba, na ndevu nilizokuwa sijawahi kumwona nazo. Wanakijiji walikuwa wamemficha katika mashamba yao. Shangazi alimchemshia maji ya kuoga, akampa chakula, akamwacha ale mpaka amalize. Ndipo akamuuliza, akiwa anaondoa sahani:

“Huko Opala, kuko mafundi wa mbao?”

“Wako, yaya,” akajibu, kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa. “Kwa nini?”

“Wazee pia?”

Papa akafikiri. “Kuko muzee mumoja alinipa kiti cha kukalia siku ile nimefika. Ana wajukuu wengi sana, wanajaa pale uani. Unamutafuta mutu?”

“Hapana,” akasema shangazi. “Kiti kilikuwa kizuri?”

“Kizuri.”

“Bon,” akasema, akaenda kuosha sahani. Nilimfuata nikamkuta anaziosha kwa utulivu, na sikuweza kujua usoni mwake kama amefurahi au vipi. Nilichukua kitambaa nikazifuta.

Shule ilipofunguliwa, mwenzangu wa Maniema alikuwa amerudi pia, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwambia nina plan. Hakunicheka. Kesho yake aliniletea bunda la karatasi za mitihani iliyokuwa haikufanyika, upande mmoja mweupe. Nikaandika riwaya yangu nyuma ya maswali ya hesabu, kila jioni baada ya shule, kabla ya mwanga kuisha. Nilikuwa nimeogopa kwamba kuujua mwisho kutaniondolea hamu. Ikawa kinyume. Kwa kuwa nilijua ninakwenda wapi, nilikuwa na nafasi ya kutazama njiani: harufu ya maranda ya mbao, msichana anavyokaa ukingoni mwa kiti kipya kama mgeni.

Nilimsomea shangazi kila sura ilipokwisha. Hakuinuka kwenda kwa jirani. Mara moja tu alinikatiza, kwenye sura ya barua.

“Hii hatukuiweka. Mwishowe tulisema anaenda kwa mama wa samaki.”

“Ndiyo. Lakini nilipofika pale sikuweza kumpeleka. Nilimwona anageuka njiani. Akampelekea baba yake.”

“Yule aliyekataa?”

“Yule yule.”

“Na baba alimusomea?”

“Alimsomea.”

“Yote? Hakuficha neno?”

“Hakuficha, shangazi. Alisoma yote, akamwambia meli iko lini.”

Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. “Hiyo ni nzuri kuliko yetu,” akasema. “Endelea.”

Mwenzangu aliipiga chapa kwenye mashine ya shule, nakala mbili. Moja ilizunguka kwa walimu. Nyingine ilivuka mto kwenda Lubunga, ikapita mikono ya wanawake wa kule mpaka ikarudi bila ukurasa wa mwisho, na mwenye kuileta akasema aliuficha mtu aliyeupenda. Huyo mwenye miwani nikaolewa naye mwaka uliofuata, na Papa hakuhitaji kusogezwa na mtu.

Tangu hapo sijaandika hadithi bila kuipanga kwanza, ingawa mipango yangu mingi naivunja njiani. Ila ipo moja niliyoianza na sikuimaliza, na si kosa langu. Shangazi alikuja kwetu baada ya arusi, akaketi, akasema ana hadithi: kuna mjane mmoja, si kijana, na kuna muuza mpunga wa Bengamisa, naye si kijana. Kila siku ya soko wanazungumza. Mwanamume anamwekea mjane mpunga usio na mawe.

“Unawajua, shangazi?”

“Wewe andika tu.”

Nikachukua kalamu. Tulipanga vizuri, kwa karatasi safari hii, naye akiniongoza kila hatua. Lakini wenyewe walifunga ndoa kabla sijamaliza sura ya tatu. Papa, mume wangu na mimi tulimsindikiza shangazi mpaka Bengamisa kwenye lori la mpunga, yeye akiwa amekaa mbele na dereva, sufuria zake tumezifunga kwa kamba nyuma pamoja nasi, na njia nzima tulimsikia akicheka huko mbele, hatujui anachekeshwa na nini.